Darsa la Ramadhani, Siku ya 11: Nimeitwa au Nimezoea?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu wa hapa Fukayosi, na nyinyi mnaotufuatilia kutoka Kiwangwa, Makurunge, Bagamoyo mjini na kwingineko, tumshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetufikisha funga ya kumi na moja tukiwa wazima. Na tumswalie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Darsa la leo linahusu jambo dogo sana, ila tunalifanya mara nyingi kuliko tunavyokula. Ni kuhamahama kwenye simu. Mtu yupo WhatsApp, mara kaingia Facebook, mara TikTok, mara karudi kwenye meseji, mara kafungua Qur'ani, kasoma aya tatu, mara yupo kwenye status za watu. Muulize alikuwa anatafuta nini, hakwambii, maana hata yeye hajui. Kidole kimetangulia, moyo umefuata nyuma.

Sisemi simu ni haramu. Darsa hili lenyewe limekufikia kwa simu. Nataka tuangalie hilo tendo la kuhama: nani anatuhamisha, tunapoteza nini, na dini yetu imetufundisha nini kuhusu kutoka sehemu moja na kuingia nyingine. Utakuta imetufundisha mengi.

*1. Kidole kinajua njia*

Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008. Leo mpe simu mama anayeuza maandazi kituoni, mwambie atume hela. Atabonyeza nyota 150 nyota 00 reli huku anaongea na mteja. Hasomi ile orodha, moja kutuma pesa, mbili nini. Kidole chake kinaijua. Hayo ndiyo mazoea: jambo ulilolirudia mpaka mwili ukalibeba wenyewe, akili ikapumzika.

Mazoea ni neema. Bila mazoea, udhu wa Alfajiri ungekuwa mtihani kila siku: naanza mkono upi, narudia mara ngapi. Mtoto wa miaka saba tunamfundisha swala mapema ili akifika ukubwani mwili wake uwe umeshazoea. Kwa hiyo tusiyalaumu mazoea.

Tatizo la mazoea ni moja: hayaulizi. Yakishaona alama yake, yanakwenda. Alama inaweza kuwa mlio, inaweza kuwa kile kiduara chekundu chenye namba, inaweza kuwa kuchoka tu, au kukaa kwenye foleni. Ukiona simu, kidole gumba kinakwenda pale pale kilipozoea, kwenye kona ile ile. Umeshaingia ndani kabla hujanuia kuingia.

Na matapeli wanalijua hili kuliko sisi. Nani kati yetu hajapata ile meseji inayosema ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani? Wanaituma kwa watu wengi, wanamngoja yule mmoja ambaye saa hiyo hiyo kweli anataka kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Yule mtu anatoka kwenye meseji, anaingia kwenye menyu ya pesa, kidole kinabonyeza kama kawaida, jina likija hasomi, namba ya siri anaweka. Hela imekwenda. Tapeli hakuvunja kufuli lolote. Amepita kwenye mlango wa mazoea, kwenye ile sekunde ya kutoka huku kwenda kule. Sasa kama hela inaibiwa hapo, tuulizane: na swala je? Na Qur'ani je?

*2. Masalia yanayobaki*

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti kuhusu watu wanaohama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Alikuta kwamba mtu akiiacha kazi ya kwanza haijaisha, mwili unahamia kwenye kazi ya pili lakini sehemu ya mawazo inabaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili anaifanya vibaya. Tuite hayo masalia ya mawazo.

Nyinyi mama zangu na dada zangu mnaopika futari mnalijua hili bila utafiti. Chukua sufuria uliyopikia maharage, usiioshe, uchemshie chai. Chai itakuwa chai, lakini itanukia maharage. Ndivyo inavyokuwa swala ya mtu aliyekuwa anabishana kwenye kundi la WhatsApp mpaka muadhini anakimu. Kasema Allahu Akbar, kafunga mikono, lakini Fatiha inanukia ubishi. Anatunga jibu akiwa kwenye rukuu.

Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao watu wanakaa kwenye jambo moja mbele ya kioo kabla ya kuhamia lingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde kama 47. Soma Fatiha kwa utulivu, uongeze sura fupi, sekunde 47 zimeshakwisha. Mtu aliyeufundisha moyo wake kuhama kila baada ya muda huo, akisimama tarawehe nyuma ya imamu, moyo utadai haki yake uliyoizoea. Utahama. Halafu anakuja kulalamika: sheikh, mbona sipati khushuu? Ndugu yangu, khushuu haianzi kwenye mswala. Unayoufundisha moyo mchana ndiyo unayokusomea usiku.

Na profesa huyo alikuta jambo lingine: watu wanajikatiza wenyewe karibu sawa na wanavyokatizwa na wengine. Maana yake hata ukizima milio yote, bado yupo mkatizaji mmoja hujamzima. Ni wewe.

*3. Msafara ulioingia Madina*

Hili si jambo jipya. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, na imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika Ijumaa, ukafika msafara wa chakula kutoka Sham. Watu wakatoka kuuendea, wakabaki na Mtume wanaume 12 tu. Ndipo ikateremka aya ya mwisho ya Suratul Jumua.

Sisi wa Bagamoyo tunaielewa picha hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia hapa kwetu pwani. Msafara ukiingia, mji mzima unajua. Kelele, ngoma, bidhaa, habari za bara. Nani abaki amekaa?

Na tuwe na adabu: wale ni masahaba, hatuwasemi vibaya. Wafasiri wanaeleza kulikuwa na shida ya chakula wakati ule. Chakula ni haja ya kweli. Pamoja na hayo, Mwenyezi Mungu akawafundisha, na sisi tukafundishwa kupitia kwao, kwamba kilicho kwake ni bora kuliko pumbao na kuliko biashara, na kwamba riziki iko mikononi mwake.

Angalia sasa. Wao walikuwa na msafara mmoja, na ndani yake mna chakula. Sisi tuna msafara mfukoni, unaingia mjini mara mia kwa siku, na mara nyingi ndani yake hamna hata punje. Umefungua, unakuta mtu kaweka picha ya gari.

Na tazama uzuri wa sura ile. Aya mbili kabla ya hiyo ya mwisho, tumeamrishwa tukisikia mwito wa Ijumaa tuache biashara. Kisha tunaambiwa swala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kuhama kumeruhusiwa, hata kumeamrishwa. Kinachoangaliwa ni wakati gani umehama, na kwa mwito wa nani.

*4. Dini yetu ina milango*

Wewe angalia Uislamu ulivyopanga mambo ya kuingia na kutoka. Msikitini unaingia kwa mguu wa kulia na dua, unatoka kwa mguu wa kushoto na dua. Chooni kinyume chake. Kula kuna mwanzo wake na mwisho wake. Kulala hivyo hivyo. Swala ina takbira ya kuingilia, na baada ya hapo hata maneno ya halali yanakuwa hayafai, mpaka utoe salamu. Swaumu ina Alfajiri na Magharibi.

Hayo yote ni mazoea, lakini ni mazoea yenye mlango. Mlangoni unasimama kidogo, unasema neno, unajua umetoka wapi na unaingia wapi. Hiyo sekunde moja ndiyo nafasi ya nia.

Simu haina mlango. Kutoka Qur'ani kwenda TikTok ni kidole kimoja. Na vingine vimeondolewa kwa makusudi. Zamani ukisoma ukurasa wa intaneti ulikuwa unafika chini, unakuta mwisho, unaamua kama unataka ukurasa wa pili. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usioisha, unaovuta chini unakuja mwingine na mwingine. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Alichokiondoa ni kitu ambacho sisi watu wa madrasa tunakijua kwa jina: waqfu.

*5. Somo la waqfu*

Mliopita madrasa mnakumbuka. Katika tajwidi kuna mlango unaitwa waqfu na ibtidaa, kusimama na kuanza. Msomaji hasimami popote anapotaka. Ndani ya msahafu zimewekwa alama. Miim ndogo, hapo lazima usimame. Laa, hapo usisimame. Nyingine inaruhusu yote mawili. Kwa nini wanachuoni walihangaika hivyo? Kwa sababu ukikata mahali pabaya unaharibu maana. Aya ya 43 ya Suratun Nisaa, mtu akikata mapema, msikilizaji atadhani anakatazwa kuswali kabisa, kumbe katazo ni kuswali ukiwa umelewa.

Na pumzi ikikuishia mahali pasipofaa, mwalimu alitufundisha nini? Usiendelee pale pale ulipokatikia. Rudi neno moja au mawili nyuma, uanze mahali ambapo maana inaungana, ndipo uendelee.

Basi hiyo ndiyo dawa ya kuhamahama, na ipo msikitini miaka yote. Ukitaka kuacha jambo, liache kwenye waqfu wake: mwisho wa aya, mwisho wa ukurasa, mwisho wa hesabu, mwisho wa sentensi ya mtu anayeongea na wewe. Ukirudi, rudi nyuma kidogo kwanza. Huyo Sophie Leroy na mwenzake Theresa Glomb waliendelea na utafiti, mwaka 2018 wakaonyesha kwamba mtu anayekatizwa akiandika kwa ufupi pale alipoishia na atakachofanya akirudi, masalia yanapungua. Wametumia maneno yao, lakini mwanafunzi wa tajwidi ataona ni jambo la jirani sana na alilofundishwa.

*6. Tufanye nini? Mambo matano*

*Kwanza, weka mlango.* Kabla ya kufungua simu sema Bismillah, halafu ujiambie nafungua kwa jambo gani. Naangalia salio. Namjibu shangazi. Ukikosa jambo la kutaja, irudishe mfukoni. Na swali la kujiuliza ni fupi: nimeitwa au nimezoea?

*Pili, hamisha alama.* Mtume (s.a.w.) aliswali na nguo yenye nakshi, nakshi zikamshughulisha. Alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm, akaomba aletewe nguo isiyo na nakshi. Iko katika Bukhari na Muslim. Yeye ndiye mbora wa viumbe, na hakusema nitajikaza. Alikiondoa kitu chenyewe. Basi na wewe usitegemee kujikaza. Pale kwenye kona ambapo kidole kimezoea kukuta WhatsApp, weka programu ya Qur'ani. Hizo za kupoteza muda ziondoe kwenye kioo cha mbele. Siku mbili tatu kidole kitapotea njia. Mwache apotee, hapo ndipo akili inapata nafasi ya kuuliza.

*Tatu, zima data wakati wa ibada.* Wapo wazee wanaosoma kwenye simu kwa sababu herufi zinakuzwa, na hilo ni jema. Lakini zima data kwanza, programu nyingi za Qur'ani zikishashushwa hazihitaji MB kusomeka. Au soma kwenye msahafu wa karatasi. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi, ni 20 kwa siku, karibu juzuu moja. Kurasa nne ndiyo waqfu wako. Usiguse kitu kingine kabla hujazifika.

*Nne, andika, kisha ufunge.* Hili ni la vijana wangu wa sekondari na chuo. Ukiangalia Chrome yao, kurasa 60 zimefunguliwa, nyingine toka mwaka jana. Zikipita 99, Chrome ya Android inaacha kuhesabu, inaweka alama ya kicheko. Watafiti wa Carnegie Mellon waliwachunguza watu wa namna hii mwaka 2021, wakakuta wengi wanaziacha wazi kama ukumbusho, wakiogopa wakifunga watasahau. Kumbe zinawazidishia mzigo. Andika kwenye daftari: nataka kusoma hiki, nataka kuomba kile. Halafu funga. Na kama ukurasa uliobaki wazi ni deni la mtu, funguo yake ni kulipa au kuzungumza naye, si kuukwepa.

*Tano, mgeukie mtu mzima mzima.* Katika sifa za Mtume (s.a.w.) zilizopokewa, akimgeukia mtu aligeuka kwa mwili wake wote. Baba anarudi shamba, mtoto anamkimbilia kumwonyesha daftari, baba anasema "mmh, vizuri" na macho yako kwenye kioo. Mtoto anajua. Baada ya mwezi haji tena, na yeye anatafuta kioo chake. Mke anaeleza mtoto ana homa, mume anaitikia "sawa", kesho anauliza mtoto ana nini. Ndoa haivunjiki siku moja, inakatwakatwa mahali pasipo na waqfu.

*7. Maswali mnayoweza kuuliza*

Mtu atasema: sheikh, mimi ni wakala wa pesa, au nina bodaboda, wateja wananipigia, nitazimaje simu? Hujaambiwa uzime kazi. Mteja akikupigia umeitwa. Mama mgonjwa akikupigia umeitwa. Nesi wa zamu ameitwa. Lakini kati ya mteja na mteja, pale unapofungua simu mara ishirini na hakuna aliyekupigia, hapo umezoea tu. Na kwenye swala, jamaa zako wanajua unaswali. Dakika kumi watasubiri.

Mwingine atasema: mimi nina uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Aya ya nne ya Suratul Ahzab, ingawa ilikuja kwa ajili ya hukumu nyingine, inatukumbusha kwamba hakuna mtu aliyepewa nyoyo mbili. Na wazee wetu walishasema, mshika mbili moja humponyoka.

Wa tatu atasema: nilishajaribu mwaka jana, siku tano nikarudi kule kule. Sikiliza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga zoea jipya, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la mazoea. Kuna walioweza ndani ya siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji mpaka 254. Na wakaona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Ramadhani ni siku 29 au 30. Kwa hiyo usishangae ukifika Idi bado kidole kinakusumbua. Zoea bado bichi. Ndiyo maana tusiishie kwenye Idi, tuendelee na sita za Shawwal na baada yake. Mama yetu Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata kama ni chache. Chagua moja tu katika haya matano, ila idumu.

*Zoezi la leo*

Zimebaki siku 18 au 19, kutegemea mwezi. Leo baada ya Alasiri mpaka futari chukua kipande cha karatasi. Kila ukifungua simu, piga mstari. Kama umeitwa, piga upande wa kulia. Kama umezoea, upande wa kushoto. Usimwonyeshe mtu. Kabla ya tarawehe ihesabu mwenyewe, baina yako na Mola wako.

Na zoezi lenyewe linaanza sasa hivi, kwa sababu darsa limefika mwisho na kidole chako kinataka kuondoka. Hapa ni waqfu. Simama kidogo, ujue unakwenda wapi, ndipo uende.

Ewe Mola wetu, tujaalie nyoyo zinazotulia mbele yako. Utusamehe tulizozisali miili ikiwa hapa na nyoyo ziko kwingine. Tubarikie macho yetu, vidole vyetu na muda wetu. Wahifadhi watoto wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utukubalie swaumu zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.